Sura ya protini inatafutwa kama filoni

Dawa mbili zenye zinaponyesha Ebola zilijaribiwa hapa kwetu, Kivu ya Kaskazini. Nguvu yake inatoka ku sura ya protini moja ndogo sana. Leo ordinateri zinatafuta sura kama hizo, na moja ya njia zake inafanana na kazi ya machimbo: kujaribu, kuchagua, kuchanganya, kujaribu tena. Lakini hakuna mashine yenye inarudisha siku zenye jamaa imepoteza.

Mwisho wa mwezi wa 7 mwaka wa 2019, muchimbaji moja wa zahabu alipatikana na Ebola hapa Goma. Alikuwa ametoka Mongbwalu, kule Ituri, kwenye alikuwa anatafuta maisha kama wanaume mingi wa muji huu. Alikufa. Kisha bibi yake na mutoto wao mudogo wakapatikana na ugonjwa ule ule. Hao walipelekwa mbio ku matunzo, wakapewa dawa mupya, na tarehe 13 mwezi wa 8 wakatoka wazima, mbele ya wanganga na waandishi wa habari.

Siku moja mbele ya ile, tarehe 12, wakubwa wa utafiti walikuwa wametangaza habari kubwa: kati ya dawa ine zenye zilikuwa zinajaribiwa mu Kivu ya Kaskazini, mbili zilipita zingine waziwazi.

Mutu wa Mabanga Nord ao Mabanga Sud anakumbuka wakati ule. Ndoo za maji ya klore ku milango, vijana wa kupima moto ya mwili ku bariere, na maneno mingi mu njia. Wengine walisema Ebola ni biashara ya wakubwa. Wengine walisema kama mutu akiingia mu kituo, hatoki. Maneno yale yaliua watu, ju yaliwachelewesha. Hapa tunataka kufasiria jambo yenye haikufasiriwa sana: kwa nini zile dawa mbili zilifaulu, na ni namna gani watu wa sayansi wanatafuta zingine.

Protini haiko mu sahani tu

Tukisikia neno protini, tunawaza maharagi, nyama, sambaza za ziwa Kivu. Ni kweli, mule muko protini. Lakini kisha kula, tumbo inavunja ile protini vipande vipande, na mwili unatumia vipande vile kwa kujenga protini zake wenyewe: ya kubeba hewa mu damu, ya kukaza misuli, ya kusaga chakula, ya kupigana na magonjwa.

Kila protini ni kama kamba ya ushanga. Kuko aina 20 za ushanga ule, zinaitwa asidi amino. Protini moja inaweza kuwa na ushanga makumi, mamia, hata maelfu. Kamba ikiisha kutengenezwa, haibaki imenyooka. Inajikunja yenyewe, inajifunga, inapata umbo: hapa shimo, hapa jino, hapa mufuko. Umbo ile njo tunaita sura ya protini, na sura njo inaamua kazi. Chuma inaweza kuwa ile ile, lakini panga ni ya kukata na jembe ni ya kulima.

Mufano wa karibu uko mu manyumba yetu. Jamaa mingi za Goma zinajua ugonjwa wa damu wenye tunaita SS, ao drepanositozi. Damu iko na protini inaitwa hemoglobini, njo inabeba hewa. Mu kamba yake moja muko ushanga 146. Kwa mutoto mwenye SS, ushanga wa 6 tu njo umebadilika. Moja kati ya 146! Mwaka wa 1949, Linus Pauling na wenzake kule Marekani walionyesha kama hemoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya wengine. Mu 1956, Vernon Ingram, kule Uingereza, akapata kipande chenye kimebadilika. Ju ya ule ushanga moja, hemoglobini zinashikana, chembe za damu zinapinda kama mundu, zinaziba mishipa, na mutoto analia usiku muzima ju ya maumivu ya mifupa. Mama mwenye amekesha na mutoto kama ule hahitaji masomo marefu kwa kuelewa kama sura ya protini si mambo ya vitabu.

Ufunguo wa Ebola

Virusi ya Ebola haiwezi kuzaa yenyewe. Inapaswa kuingia mu chembe ya mwili wa mutu, kama mwizi mwenye anataka kutumia jikoni yako. Kwa kuingia, iko na protini moja inje yake, inaitwa glikoprotini. Tuseme ni ufunguo.

Ule ufunguo uko na akili ya ajabu. Meno yake yanafichwa chini ya kifuniko. Chembe inameza virusi ndani ya kamufuko kadogo, na mule ndani kifuniko kinakatwa. Meno yanatokea, yanaingia mu kufuli ya ndani yenye wataalamu wanaita NPC1. Kufuli ikifunguka, virusi imeingia mu nyumba.

Mwili nao uko na askari wake wadogo, wanaitwa antikori. Nao ni protini. Antikori mingi zinashika virusi ya Ebola ku kile kifuniko. Kifuniko kikikatwa, zinaanguka nacho. Dawa yenye iliitwa mAb114, leo Ebanga, ni antikori yenye inashika ku meno yenyewe ya ufunguo. Kifuniko kinakatwa, lakini antikori inabaki imeng'ang'ana. Ufunguo hauwezi tena kuingia mu kufuli. Dawa ya pili, REGN-EB3, leo Inmazeb, inatumia antikori tatu zenye zinashika ufunguo ule kila moja mahali pake.

Hapa njo tunaona kwa nini sura ni ya lazima. Kama haujui meno ya ufunguo yako wapi, hauwezi kujua kwa nini antikori hii inaponyesha na ile inashindwa.

Mulima wenye hauwezi kuchimbwa wote

Namna gani mutu anaona sura ya kitu chenye hata darubini ya kawaida haionyeshi? Mu 1958, John Kendrew na kundi yake kule Cambridge walipata sura ya kwanza ya protini, mioglobini ya misuli, kwa kupitisha miali ya X ndani ya kioo cha protini. Ilikuwa kazi ya miaka. Hata leo, kwa protini moja nguvu, labo inaweza kutumika miezi ao miaka.

Basi watu wakajiuliza: kama tunajua mupangilio wa ushanga, hatuwezi kuhesabu sura? Christian Anfinsen alikuwa ameonyesha kama ukikunjua protini fulani kisha ukaiacha, inajikunja tena vizuri yenyewe. Ni kusema habari yote ya sura iko mu ile kamba. Alipata zawadi ya Nobel mu 1972.

Lakini kuhesabu njo kulileta shida. Mu 1969, Cyrus Levinthal alipiga hesabu. Twende nayo pole. Kamata kamba ya ushanga 100. Tuseme kila ushanga uko na namna tatu tu za kugeuka. Namna zote pamoja zinakuwa 5 yenye kufuatwa na sufuri 47. Hata mashine yenye inajaribu milioni elfu kila sekunde ingetumika miaka yenye hesabu yake ina tarakimu zaidi ya 30. Na protini yenyewe mu mwili? Mara mingi inajikunja chini ya sekunde moja.

Muchimbaji anaelewa shida ile kupita mwana masomo. Filoni iko mu mulima, lakini mulima ni mukubwa. Hauwezi kuuchimba wote. Unapaswa kuwa na njia.

Makundi mia ku mulima moja

Waza hivi. Makundi mia yanafika ku mulima wenye haujachimbwa bado. Kila kundi inafungua shimo yake mahali penye inataka. Kisha wiki moja, wanaleta mawe, wanapima. Makundi yenye ilipata kitu kidogo inabaki; yenye ilipata udongo mutupu inafunga shimo. Mahali pa yale yalifunga, makundi mapya yanaingia. Lakini hayachimbi hivi hivi: yanachukua akili ya mashimo mawili mazuri. Kwa shimo ya kwanza, yanachukua urefu wa kwenda chini. Kwa shimo ya pili, yanachukua upande wa kuelekea. Na makundi machache yanaambiwa: ninyi mwende upande wenye hakuna mutu alifikiria. Wiki ingine, wanapima tena. Wanafunga, wanachanganya, wanatuma wengine pembeni. Kisha miezi, mulima wote haukuchimbwa, lakini karibu watu wote wako juu ya filoni.

Ile njo wataalamu wanaita algoritimu ya mageuzi. Ingo Rechenberg kule Berlin alitumia njia kama ile tangu miaka ya 1960. John Holland, mu chuo kikubwa cha Michigan, Marekani, aliiandika vizuri mu kitabu cha mwaka wa 1975. Waliiga uzazi wa wanyama na mimea: mutoto anachukua kidogo kwa baba, kidogo kwa mama, na mara ingine anatokea na kitu chenye hakuna mumoja wao alikuwa nacho.

Mu 1993, Ron Unger na John Moult waliileta ku protini. Walichora kamba yao ku mabao kama ya muchezo wa dama, na ushanga wa aina mbili tu: wenye unapenda maji na wenye unakimbia maji. Kila namna ya kujikunja iliandikwa kama mutu mu kundi. Mashine ilimupa kila moja maksi: kama ushanga wenye unakimbia maji umejificha ndani karibu na wenzake, maksi inapanda. Namna mbaya zinatupwa. Namna mbili nzuri zinakatwa katikati na kuunganishwa: kichwa ya hii, mukia ya ile. Mara moja moja, ushanga moja unageuzwa tu bila sababu. Matokeo: njia ile ilipata sura nzuri kupita njia ya zamani ya kutikisa kamba moja tu na kungojea bahati.

Lakini kuko hatari mbili, na muchimbaji anazijua zote. Ya kwanza ni kukimbilia. Kundi moja inapata kidogo, watu wote wanaenda pale, na filoni kubwa inabaki upande mwingine wa mulima. Ju ya ile, ni lazima kuacha makundi machache yatembee pembeni, hata kama yanaonekana yanapoteza wakati. Ya pili ni mizani mubaya. Kama mizani inadanganya, utachagua vizuri lakini utachagua mawe. Kwa protini za kweli, mizani ile ilikuwa haijafika. Njia ilikuwa nzuri, lakini maksi zilikuwa hazifuati kabisa mambo yenye inapita mu mwili.

Mashindano ya kila miaka mbili

Tangu 1994, yule yule Moult na wenzake walianzisha mashindano yenye yanaitwa CASP. Kila miaka mbili, labo zinaleta protini zenye sura yake imepatikana lakini haijatangazwa. Watu wa ordinateri wanapewa kamba tu, wanatabiri. Kisha wanafungua jibu. Hakuna kudanganya. Kwa miaka mingi, maendeleo yalikuwa ya kutambaa.

Mu 2020, programu AlphaFold 2 ya kampuni DeepMind ya London ilishangaza wote. Kwa protini mingi ilifika karibu kabisa na jibu ya labo. Tuseme ukweli: AlphaFold si algoritimu ya mageuzi kama ile ya makundi mia. Ni mashine yenye ilifundishwa na sura zaidi ya laki moja zenye labo za dunia zilipata kwa jasho tangu wakati wa Kendrew. Lakini mageuzi iko mule kwa namna ingine. Mashine inalinganisha protini za ukoo moja, ya mutu, ya kuku, ya samaki, ya mikrobe. Kama kila mara ushanga huu ukibadilika na ule wa mbali nao unabadilika, ni alama kama mu sura hawa wawili wanagusana. Asili ilikuwa imejaribu na kuchagua kwa mamilioni ya miaka. Mashine inasoma tu daftari yake.

Mu 2022, sura zaidi ya milioni 200 ziliwekwa ku intaneti bila kulipisha. Mwezi wa 10 mwaka wa 2024, Demis Hassabis na John Jumper wa kampuni ile walipata Nobel ya kemia, pamoja na David Baker wa Seattle, mwenye anatengeneza protini zenye hazijawahi kuwa mu dunia.

Algoritimu ya mageuzi haikufa. Ikiisha kupata sura ya kufuli, unapaswa kutafuta dawa yenye inaingia mule. Ile pia ni mulima: dawa inaweza kukaa kwa namna mamilioni. Programu AutoDock, ya kule California, tangu 1998 inatumia makundi, kuchanganya na kuchagua. Iko na jambo moja ya ziada: kila kundi inaruhusiwa kurekebisha shimo yake kidogo mbele ya kurizisha watoto. Ju ya ile wanaiita kwa jina ya mwana sayansi Mufaransa Lamarck, mwenye alifikiri kama kitu muzazi alijipatia mu maisha kinapita kwa mutoto.

Mwili wa mutu wa Kikwit

Sasa turudie ku dawa ya Ebola, ju hapa kuko ukweli wenye watu mingi hawaujui. mAb114 haikuvumbuliwa na ordinateri. Ilitoka mu damu ya Mukongomani.

Mu 1995, Ebola iliingia Kikwit, mu Bandundu. Watu 315 walishikwa, na karibu wanane kwa kumi walikufa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwenye alikuwa amefika Yambuku mu 1976 wakati ugonjwa ulionekana mara ya kwanza, alijaribu na wenzake kuwapa wagonjwa wanane damu ya watu wenye walikuwa wamepona. Saba kati yao waliishi. Wataalamu mingi wa inje hawakusadiki: walisema wagonjwa wale wangeweza kuwa wamepona wenyewe.

Miaka 11 kisha ule ugonjwa, mutu moja mwenye alipona Kikwit alikubali kutoa damu yake. Mule mwilini, askari walikuwa bado wanakumbuka adui. Watafiti wa Marekani, wa Uswisi na wa INRB ya Kinshasa walichagua kati ya antikori zake yenye ilikuwa na nguvu kupita zote. Mu 2016 wakatangaza kazi ile, na sura yenye kuonyesha namna inashika meno ya ufunguo.

Na mwili ule ulipata namna gani antikori nzuri kama ile? Kwa njia ile ile ya makundi mia. Ukigonjwa, ndani ya tezi za mwili chembe zenye zinatengeneza antikori zinazaa mbio, na kila mara zinafanya makosa madogo mu kunakili. Mingi ya makosa haina faida. Chembe zile zinakufa. Chembe yenye antikori yake inashika adui vizuri kupita wenzake inaachiliwa izae tena. Kisha wiki, mwili uko na askari wenye wanashika kabisa. Algoritimu ya mageuzi iko mu damu yetu tangu zamani, mbele Holland hajazaliwa.

Shida ya Ebola ni mbio yake. Mara mingi inaua mutu mbele mwili haujamaliza kuchagua. Dawa ni kumupa mugonjwa leo askari wenye mwili wa mutu mwingine ulimaliza kuwachagua.

Jaribio yenye iliitwa PALM ilianza mwezi wa 11 mwaka wa 2018, mu vituo vya Beni, Mangina, Butembo na Katwa, katikati ya masasi na wasiwasi. Wagonjwa 681 walikubali kuingia. Kwa wenye walipewa dawa ZMapp, karibu 50 kwa mia walikufa. Kwa remdesivir, 53. Kwa mAb114 walikufa 35 kwa mia, na kwa REGN-EB3 karibu 34. Mu 2020, Marekani ilikubali dawa zote mbili, na mu 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni likazipendekeza.

Virusi nayo haingoji

Ni lazima kusema tena kitu kimoja: virusi nayo inajaribu na kuchagua. Kila ikizaa, inafanya makosa. Ju ya ile, wakati wa ugonjwa wa 2018 mupaka 2020, wataalamu wa INRB walisoma zaidi ya jenomu 700 za virusi za wagonjwa wa huku, ili kujua inatembea wapi na kama inabadilika. Na dawa zetu mbili ni za Ebola ya aina Zaire tu. Ile yenye ilionekana Isiro mu 2012 ilikuwa aina ingine, Bundibugyo, na ufunguo wake haufanane kabisa.

Wachimbaji wanapaswa kufuata habari hizi karibu, ju njia za zahabu ni njia za magonjwa pia. Mwisho wa 2023, ni Kamituga, muji wa zahabu wa Kivu ya Kusini, kwenye waliona tawi mupya ya mpox, ile wanaita Ib. Kisha mwaka moja haujaisha, ilikuwa imefika mu kambi za wakimbizi pembeni ya Goma na mu inchi jirani, na tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka wa 2024 dunia yote ikapigiwa kengele.

Hapo tulijifunza jambo ingine. Kulikuwa dawa yenye inaitwa tecovirimat, yenye inalenga protini moja ya virusi za ukoo ule. Mu labo na kwa wanyama ilionekana nzuri. Waliijaribu kwa wagonjwa 597 kule Tunda na Kole: vidonda havikupona mbio kupita kwa wenye hawakuipata. Lakini mu vituo vile, wagonjwa wenye walikufa walikuwa wachache kupita mu inchi kwa kawaida, wenye dawa na wenye hawakuipata, sawasawa. Kwa nini? Walilazwa, walikula, walikunywa, walitunzwa. Sura nzuri ku mashine ni mwanzo. Jibu ya mwisho iko ku kitanda ya mugonjwa.

Coltan ya Rubaya na mashine za London

Mashine hizi zote ziko na udongo wetu ndani. Coltan ya Rubaya, mu Masisi, inatoa tantali, yenye wanatumia kwa kutengeneza vipande vidogo vya kutunza umeme mu telefone na mu ordinateri. Watu wa Kivu wamelipia madini ile kwa mashimo yenye yaliwaangukia na kwa vita. Damu ya Mukongomani ilitoa dawa. Wagonjwa wa Beni na Butembo walitoa jibu. Basi ni haki kuuliza: faida inarudia wapi?

Jibu moja iko karibu kupita vile tunawaza. AutoDock ni ya bure. Sura milioni 200 ni za bure. Mwanafunzi wa UNIGOM ao wa ULPGL mwenye ordinateri ya kawaida, umeme na intaneti anaweza kufungua leo sura ya protini ya malaria ao ya kolera, na kuanza kutafuta. Shida ni umeme, bei ya mega, na mwalimu wa kumuongoza. Lakini mulango huu haukufungwa na kufuli ya pesa mingi kama ingine. Mutoto wa muchimbaji mwenye anapenda hesabu na biolojia, asiambiwe kama hii ni kazi ya wazungu. Anaanza na kitu chenye baba yake anajua: namna ya kutafuta mu mulima mukubwa na nguvu kidogo.

Kwa jamaa yenye iko na mutu ku machimbo

Hesabu ya PALM iko na mustari moja yenye kila nyumba inapaswa kuijua. Kwa wagonjwa wenye walifika virusi ikiwa bado kidogo mu damu, karibu tisa kwa kumi waliishi na zile dawa mbili. Kwa wenye walifika virusi ikiwa imejaa, zaidi ya sita kwa kumi walikufa, na dawa ilikuwa ile ile. Na kila siku ya kuchelewa iliongeza hatari ya kufa.

Sababu tumeishaiona. Antikori moja inashika ufunguo moja. Funguo zikiwa chache, askari wanatosha. Zikiwa mamilioni ya mamilioni, zingine zimeisha kufungua milango, na kufunga mulango kisha mwizi kuingia hakusaidii sana.

Kwa hiyo, mutu akirudia kutoka Mongbwalu, Kamituga, Walikale ao Rubaya na moto ya mwili, na kichwa inamuuma, anatapika, anaharisha, musianze kumutembeza siku tano kati ya duka ya dawa na chumba cha maombi. Inaweza kuwa malaria. Vipimo njo vitasema. Mumupeleke siku ile ile. Museme ukweli wa kwenye alitoka na nani alikuwa naye mu shimo, ju wale wenzake nao wanapaswa kutafutwa na kupewa chanjo. Musimuoshe na musishike matapishi yake kwa mikono mitupu. Akikufa, muache wenye vifaa wamuzike, na muombe musimame karibu, kwa heshima yake.

Mama mwenye alitoka mu kituo cha Goma na mutoto wake tarehe 13 mwezi wa 8 mwaka wa 2019 hakuponyeshwa na dawa tu. Mutu wa Kikwit alitoa damu, wagonjwa wa Beni walikubali kujaribiwa, na yeye alifika mapema.